85, 87 AU 91? MAFUTA GANI YANAFAA GARI LA MILIMANI

 

Mwezi huu tumepata maswali mawili ambayo ukiyasikia utadhani hayana uhusiano, kumbe ni mtu na ndugu yake.

La kwanza limetoka Denver, Marekani, kwa familia moja iliyohamishiwa kule ikitokea kwetu. Baba wa familia amenunua gari kuukuu ili aweze kufika kazini, maana zamu yake inaanza alfajiri kabla basi la kwanza halijapita. Anasema kwenye pampu ya mafuta kuna vitufe vitatu: 85, 87 na 91. Jirani yake anamwambia, "Weka 85, sisi wa milimani tunatumia hiyo, usipoteze pesa." Mwenzake wa kazini anamwambia, "Weka 91, hiyo ndiyo yenye nguvu." Na kitabu cha gari kinasema 87. Sasa amsikilize nani?

La pili limetoka hapa hapa, kwa vijana wa stendi ya bodaboda. Wanasema pikipiki zao huku chini zinakwenda vizuri, lakini wakipakia abiria na mzigo kuelekea Kabale, au wakivuka ile milima hadi Kisoro, zinakosa pumzi na kutoa moshi mweusi. Wanauliza kama wanunue yale mafuta ya bei kubwa.

Tusione kwamba haya ni maneno ya wenye magari tu. Gari la Denver likifa, kazi nayo inakufa, na kile kidogo kinachotumwa huku kwa ajili ya bibi na ada ya watoto kinakatika. Na pikipiki nyingi hapa kwetu zimenunuliwa kwa mkopo wa kikundi cha kuweka na kukopa. Injini ikipasuka, pikipiki inalala chini lakini deni linabaki limesimama. Kwa hiyo tulikaa na mafundi, tukasoma vitabu, na tunawaletea majibu. Someni polepole, baba, mama na vijana pamoja.

OKTENI NI NINI HASA?

Ile namba 85, 87 au 91 inaitwa okteni. Watu wengi wanafikiri ni kipimo cha nguvu ya mafuta, kama vile chai yenye majani mengi inavyokuwa kali zaidi. Sivyo. Okteni ni kipimo cha uvumilivu. Inaonyesha mafuta yanaweza kuvumilia kubanwa na kupata joto kiasi gani bila kujiwasha yenyewe.

Ndani ya injini ya petroli kuna silinda, na ndani ya silinda kuna pistoni inayopanda na kushuka. Pistoni inaposhuka inavuta hewa iliyochanganyika na mafuta. Inapopanda inaubana ule mchanganyiko, na kitu kikibanwa kinapata joto. Ukitaka kuhakikisha, gusa pampu ya baiskeli baada ya kujaza upepo tairi. Kisha plagi, ambayo wenzetu wa Kongo wanaiita buji, inatoa cheche, moto unaanza upande mmoja na kusambaa vizuri hadi upande wa pili. Moto huo ndio unaoisukuma pistoni.

Shida inakuja pale mafuta yasipokuwa na uvumilivu. Moto wa plagi unaanza upande huu, lakini yale mafuta yaliyo kwenye kona ya mbali, kwa kubanwa na kuchemka, yanalipuka yenyewe kabla ya kufikiwa. Hapo utasikia mlio wa kwe-kwe-kwe, kama mtu anatikisa misumari ndani ya mkebe, hasa gari likipanda mlima na mzigo. Mafundi wanasema injini inagonga. Ikigonga mara moja moja si kitu. Ikigonga kila siku, inakula pistoni, inaharibu gasketi ya kichwa cha injini, na mwisho inatoboa kabisa.

Namba zenyewe zilipatikana hivi. Katika miaka ya 1920 wakemia walichukua vimiminika viwili. Kimoja, isooktani, hakigongi kwa urahisi, wakakipa 100. Cha pili, heptani, kinagonga upesi sana, wakakipa 0. Mafuta yakigonga sawa na mchanganyiko wa sehemu 87 za kile cha kwanza na 13 za kile cha pili, basi hayo ni mafuta ya 87. Ni hivyo tu.

Kwa hiyo mkumbuke: namba kubwa haimaanishi nguvu kubwa. Injini iliyotengenezwa kwa 87 ukiipa 91, haitakimbia zaidi. Ni sawa na kumvalisha mtoto koti la baba yake. Koti ni zuri, lakini halimwongezei kimo.

MLIMANI HEWA INAPUNGUA

Akina mama waliowahi kukaa Kabale, au kwenye milima ya juu ya Lubero na Minembwe, wanajua jambo moja: maharage ya kule yanachelewa kuiva. Si maharage mabaya. Ni kwamba juu milimani hewa ni nyepesi, haigandamizi sana, na maji yanachemka kabla hayajafika joto la kawaida. Pwani ya Mombasa maji yanachemka kwa nyuzi 100. Kwenye mita 2,000, kama Kabale, yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi. Ndiyo maana kuni zinaisha na maharage bado magumu.

Hewa hiyo hiyo nyepesi ndiyo injini inayovuta. Denver iko mita 1,609 juu ya bahari. Kule mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 82 tu ya ule wa Mombasa. Kabale ni kama asilimia 78. Pistoni inavuta pumzi ile ile, lakini ndani ya pumzi hiyo hewa ni kidogo. Hewa ikipungua, moto unapungua, na nguvu inapungua. Mafundi wanakadiria kwamba injini ya kawaida inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu yake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo gari la Denver limeshapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi kabla hata halijaanza kupanda mlima.

Lakini jambo hilo lina upande wake wa pili. Hewa ikiwa kidogo, pistoni inabana kidogo, joto linakuwa kidogo, na mafuta hayagongi kwa urahisi kama kule chini. Hapa ndipo lilipozaliwa lile neno la jirani wa Denver.

JIRANI WA DENVER ANASEMA KWELI, LAKINI KWELI YA ZAMANI

Zamani karibu magari yote ya petroli yalikuwa na karabureta, kile chombo kinachochanganya hewa na mafuta. Karabureta haina akili. Haijui kama iko ufukweni au juu mlimani. Gari la namna hiyo likipelekwa Denver lilibana kidogo na kugonga kidogo, kwa hiyo liliweza kutumia mafuta yenye okteni ndogo bila taabu. Wauza mafuta wa majimbo ya milima, kama Colorado, Utah na Wyoming, wakazoea kuuza 85 kama mafuta ya kawaida, wakati kwingine Marekani mafuta ya kawaida ni 87. Ilikuwa sawa kwa magari ya wakati ule.

Sasa magari yamebadilika. Tangu miaka ya 1980 na 1990 karabureta ziliondoka taratibu kwenye magari, zikaja injini zenye kompyuta. Kompyuta inapima hewa inayoingia, inapima joto, na inaamua lini plagi itoe cheche. Ikiona uko mlimani, inawahisha cheche ili ipate nguvu yote inayowezekana kutoka kwenye ile hewa kidogo. Ile nafasi ya ziada iliyokuwapo kwa karabureta, kompyuta imeshaitumia. Ndiyo maana viwanda vingi vya magari vinaandika kwenye kitabu kwamba mafuta yasiwe chini ya 87, na haviweki ruhusa ya 85 kwa sababu ya mlima.

Magari mengi ya leo pia yana sikio la injini, yaani kifaa kinachosikia ikianza kugonga. Kikisikia, kompyuta inachelewesha cheche na mlio unaisha. Kwa hiyo ukiweka 85, gari halitakufa siku hiyo. Lakini linakwenda kwa unyonge, na mara nyingi linakunywa mafuta zaidi. Ile senti uliyookoa kwenye pampu unairudisha barabarani.

Na kuna magari yenye taboo. Taboo ni feni inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Gari hilo halijali sana mlima, kwa sababu hewa iliyopungua linajirudishia lenyewe. Linabana sana hata Denver, kwa hiyo linahitaji okteni yake kamili kama kitabu kinavyosema. Kwa gari la taboo, maneno ya "hapa milimani 85 inatosha" hayafai kabisa.

JIBU KWA NDUGU YETU WA DENVER

Baba, fuata kitabu. Kitabu kinasema 87, weka 87. Usishuke 85, usipande 91. Tukufafanulie kidogo.

Ukiweka 91 bila sababu: tuseme tofauti ya bei ni senti 40 kwa galoni moja, na tenki lako linachukua galoni 12. Hiyo ni dola 4 na senti 80 kila ukijaza. Ukijaza mara nne kwa mwezi, ni dola 19 na senti 20. Huku kwetu mnajua hizo zinafanya nini. Zinanunua unga, sabuni na madaftari. Usimpe muuza mafuta pesa ya bibi.

Ukiweka 85: unaokoa kidogo kila wiki, lakini siku ukipakia familia na kushuka kuelekea Kansas au Nebraska, ambako ardhi iko chini na hewa ni nzito, tenki lako lina mafuta ambayo hata huko hayauzwi kama ya kawaida. Injini inaweza kuanza kugonga. Na kama gari bado lina garantii, wakikuta umetumia mafuta yasiyoruhusiwa, wanaweza kukataa kukutengenezea.

Kama umeshaweka 85 bila kujua, usiwe na wasiwasi, wala usimwage mafuta. Endesha taratibu, usilikandamize mlimani, na likifika nusu tenki ongeza 91. Nusu ya 85 na nusu ya 91 inakuwa 88 hivi, na hiyo inatosha gari lako.

Kuna mtego mwingine wa namba. Pale Marekani kuna mafuta yanaitwa E85. Hayo si 85! E85 ni mafuta yenye pombe ya ethanoli kwa wingi sana, na yanafaa magari yaliyotengenezwa kwa ajili yake tu. Ukiona herufi E mbele ya 85, na gari lako halikuandikwa hivyo, ondoka hapo. Vile vile usitegemee rangi ya mpini wa pampu. Kila kampuni inaweza kuwa na rangi yake. Soma neno na namba kabla hujabonyeza.

Neno la mwisho kwa walio ng'ambo: namba za Marekani si sawa na za kwetu au za Ulaya. Wamarekani wanachukua vipimo viwili, wanavijumlisha na kugawa kwa mbili. Kwetu na Ulaya hutumika kipimo kimoja kinachoitwa RON, ambacho kinatoa namba kubwa zaidi. 87 ya Marekani ni kama 91 au 92 ya RON. Kwa hiyo mkiongea kwa simu, wewe ukasema 87 na shemeji yako wa Ulaya akasema 95, msibishane kwamba mmoja amedanganywa.

NA HUKU KWETU JE?

Huku Afrika Mashariki hatuna pampu ya mlimani na pampu ya pwani. Sehemu kubwa ya petroli ya Uganda inateremshwa Mombasa, inapita Kenya, na inafika hadi juu Kabale ikiwa ni ile ile. Haishuki okteni kwa kupanda mlima. Kwa hiyo mtu wa huku hana haja ya kujiuliza 85 au 87. Haja yake ni kujua kama petroli anayouziwa ni safi, na kama injini yake iko sawa.

Wenye magari yaliyotoka Japani, nayo ndiyo mengi barabarani, wajue hivi. Japani kuna petroli za aina mbili: ya kawaida, ambayo kwa sheria yao haipungui RON 89, na ya okteni kubwa, isiyopungua RON 96. Gari dogo la familia mara nyingi lilitengenezwa kwa ile ya kawaida, na petroli ya kwetu inalitosha. Lakini magari ya mbio na mengi ya taboo yaliandikiwa ile ya pili. Fungua kifuniko cha tenki uone kama kuna karatasi yenye maandishi ya Kijapani, na mtafute mtu akusomee. Gari kama hilo ndilo lenye haki ya kunywa mafuta ya bei kubwa.

JIBU KWA VIJANA WA BODABODA

Vijana wetu, pikipiki yako ikikosa pumzi Kabale, si okteni. Ni hewa.

Pikipiki nyingi za stendi bado zina karabureta. Kule juu hewa imepungua lakini karabureta inaendelea kumwaga mafuta kama iko chini. Mafuta yanazidi hewa, hayaungui yote, ndiyo ule moshi mweusi. Ukiifungua plagi utaikuta nyeusi, ina masizi makavu kama sufuria ya kuni. Mafuta ya bei kubwa hayataondoa hilo hata kidogo. Utalipa zaidi na moshi utabaki.

Fanya haya kwanza, mengine hayana gharama:

1. Safisha chujio la hewa. Vumbi la barabara zetu linaziba, na mlimani hewa yenyewe tayari ni kidogo.

2. Safisha plagi na uangalie nafasi yake. Plagi ya kulia iwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu, si yoyote iliyopo dukani.

3. Punguza mzigo. Pikipiki iliyopoteza sehemu mbili za kumi za nguvu yake haiwezi kubeba abiria watatu na gunia la viazi.

4. Rudisha gia mapema. Usiibane injini kwa gia kubwa ikiwa imechoka. Hapo ndipo inapogonga. Iache izunguke.

5. Kama unaishi na kufanya kazi kule juu kila siku, fundi anaweza kukuwekea jeti ndogo zaidi kwenye karabureta ili mafuta yapungue. Lakini sikiliza vizuri: ukirudi kufanya kazi huku chini, rudisha jeti ya kwanza. Ukikaa chini na jeti ya mlimani, hewa inazidi mafuta, injini inachemka kupita kiasi, na pistoni inaweza kukwama. Kwa mtu anayepanda leo na kushuka kesho, ni afadhali aache jeti ilivyo na avumilie unyonge wa mlimani.

Na kama pikipiki inagonga hata huku tambarare, bila mzigo, basi tatizo liko kwingine. Huenda cheche inawahi mno, au masizi yamejaa kwenye kichwa cha injini, au petroli uliyouziwa imechanganywa.

PETROLI ILIYOCHANGANYWA NA MAFUTA YA TAA

Huyu ndiye mwizi mkubwa wa okteni katika nchi zetu. Mafuta ya taa yana okteni ndogo mno. Mtu akiyatia kwenye petroli ili apate faida, ile petroli inapoteza uvumilivu. Pikipiki inagonga, inatoa moshi, inakuwa ngumu kuwaka asubuhi, na mafuta hayo yakivuja kwenda chini yanaharibu oili. Mkopo wa kikundi unaliwa na mtu ambaye hata si mwanachama.

Njia rahisi ya kupima: chukua karatasi nyeupe safi, dondosha tone moja la petroli, uiache mahali penye hewa na mbali na moto wowote. Petroli safi inapaa na karatasi inabaki kavu. Ikibaki alama ya mafuta mafuta, shuku. Si kipimo cha maabara, lakini kinakupa mwanga. Nunua kwenye kituo kinachojulikana, na kama ni lazima ununue kwa chupa barabarani, kama wale wauzaji ambao huko Kongo wanaitwa makadafi, nunua kidogo tu ikufikishe kituoni.

Wazee wengine wanauliza habari ya petroli yenye risasi. Risasi ilianza kutiwa kwenye petroli baada ya mwaka 1921, pale Mmarekani Thomas Midgley alipogundua kwamba inazuia kugonga. Ilipandisha okteni kwa bei rahisi, lakini moshi wake ni sumu kwa akili za watoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuiuza kufikia mwisho wa mwaka 2005, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021. Kwa hiyo mtu akikuuzia "dawa ya risasi" ya kutia kwenye tenki, mwambie asante, na uondoke.

AKINA MAMA, HILI NI LENU ZAIDI: NENO "PETROLI"

Hatuwezi kuandika juu ya mafuta bila kusema jambo hili, maana linahusu maisha ya watu.

Hapa Uganda, na vile vile Kenya na Tanzania, petroli ni mafuta ya gari na pikipiki. Lakini kwa ndugu wengi waliotoka Kongo, petroli ni mafuta ya taa! Mafuta ya gari wao wanayaita esansi, na dizeli wanaiita mazutu. Warundi na Wanyarwanda nao wana lisansi kwa mafuta ya gari, na peteroli kwa mafuta ya taa. Sasa fikirini mama aliyefika juzi na lori la wageni. Anamtuma mtoto dukani: "Niletee petroli ya mia tano, tuwashe taa." Mwenye duka anampa petroli kweli, ile ya pikipiki. Mama anajaza taa, anawasha kiberiti.

Mafuta ya taa hayashiki moto upesi yakiwa baridi. Petroli inatoa mvuke hata usiku wa baridi, na mvuke huo unashika moto kwa cheche moja tu. Taa inalipuka mkononi. Nyumba ya turubai haimpi mtu muda wa kukimbia.

Basi tufundishane maneno. Ukitaka mafuta ya kuwashia taa hapa, sema "mafuta ya taa" au "parafini". Usiseme petroli. Na wenye maduka tunawaomba, mtoto akija na chupa kuomba petroli, mwulizeni: ya taa au ya pikipiki? Swali hilo halina gharama. Wakaribisheni wageni wapya kwa kuwaambia neno hili siku ile ile wanapofika, kama mnavyowaonyesha bomba la maji.

Mambo mengine ya nyumbani:

- Usiweke petroli ndani ya nyumba mnamolala, wala kwenye chupa ya maji au ya soda. Mtoto hajui kusoma harufu.

- Mtoto akinywa petroli au mafuta ya taa, usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta ya kula. Akitapika, yanaingia kwenye mapafu. Mpeleke kituo cha afya haraka, na uende na chupa ili mganga aone.

- Usinyonye petroli kwa mdomo kwa mpira, hata kama wengine wanafanya. Yakikwenda kwenye mapafu, ni ugonjwa mkubwa.

- Moto wa petroli usiumwagie maji, yanausambaza. Tumia mchanga au udongo.

- Mtu akiungua, mwagia sehemu hiyo maji safi ya baridi kwa dakika 20, halafu mpeleke kwa mganga. Usipake dawa ya meno, mafuta wala majivu.

TUYAKUSANYE PAMOJA

Kwa mwenye gari la Denver au mji wowote wa milimani huko Marekani: kitabu ndicho kinachojua, si jirani. Kwa mwenye bodaboda anayepanda Kabale: safisha chujio, punguza mzigo, rudisha gia, na pesa ya mafuta ya bei kubwa uiweke kwenye rejesho la kikundi. Kwa mwenye gari la Japani: soma kifuniko cha tenki. Kwa kila nyumba: petroli ni ya injini, mafuta ya taa ni ya taa.

Asiyejua kusoma asomewe ukurasa huu na mwanawe au jirani, hasa hiyo sehemu ya taa. Wenye maswali mengine ya ufundi, yaandikeni kwenye karatasi na kuyatia kwenye sanduku letu la maoni, au mwambieni kiongozi wa kijiji chenu atuletee. Tukijaliwa uzima, mwezi ujao tutazungumza juu ya betri za sola: kwa nini nyingi zinakufa kabla ya wakati wake, na namna ya kuzitunza.